Siku Riziki Alipofundisha Namba Zilikotoka

Jirani yangu huchoma takataka Jumamosi asubuhi, na humo hutupia mifupa ya supu. Moshi ukivuka ukuta na kuingia kwenye famasi yangu, wateja huziba pua na kunung'unika. Mimi hucheka peke yangu nyuma ya dawa za kikohozi, na wasionijua vizuri hudhani nimeanza kuonja bidhaa. Mfupa unaoungua unanuka kama nywele zilizoshika moto, ila harufu yake ni nzito zaidi, na hukaa nguoni mpaka ufue kwa nguvu. Kwangu ni harufu ya wiki ile ambayo nusura nimpoteze dada yangu Riziki, na kila nikiisikia najikuta nimenyoosha mgongo kwa fahari.

Tulikuwa tumehamia Bunia kutoka upande wa Kilo, kama wengi, kwa sababu za vita mnazozijua. Baba alibaki huko na dhahabu yake, akija mara moja moja na viatu vyenye udongo mwekundu. Nyumbani tulikuwa wanawake watupu: mama, koko aliyemzaa mama, Riziki aliyekuwa anamaliza masomo ya ualimu, na mimi, kitinda mimba wa darasa la tano. Riziki ndiye niliyelala naye godoro moja. Ndiye aliyenisuka, na ndiye peke yake aliyeweza kuninywesha kwinini bila kufukuzana uani. Nilimwita Yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu.

Ninyi wa rika langu mliokulia Bunia mnakumbuka tulivyokuwa tukisema namba. Maneno yote ni Kiswahili, lakini namba ikifika tu, tunarukia Kifaransa. Mama akienda kununua sombe, majani ya muhogo, atasalimia kwa Kiswahili, atabishana kwa Kiswahili, atakasirika kwa Kiswahili, lakini bei ni cinq cents, si mia tano. Umri, saa, darasa, vyote Kifaransa. Kwa hiyo akilini mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Namba zilikuwa mali ya Wazungu, zilikuja nao pamoja na misumari na baiskeli, na kabla ya hapo wazee wetu waliishi bila kujua wana watoto wangapi. Ushahidi nilikuwa nao nyumbani. Koko hakujua neno hata moja la Kifaransa, na mimi nilikwisha kuhukumu kwamba hajui kuhesabu. Nilimhurumia. Alipofunga mahindi ya kukausha, manne manne kwa maganda yake, kisha akapanga mafungu sita pamoja juu ya jiko, akapumua na kuanza rundo jingine, mimi nilikaa karibu ili nimwokoe akipotea. Naye aliniacha nikae, akinipa mahindi mabovu niyapukuchue.

Sasa Riziki. Mwanafunzi wa ualimu kwetu hapati diploma hivi hivi. Anapewa darasa la watoto wa kweli, afundishe somo moja huku mkaguzi na walimu wake wamekaa nyuma wakiandika kila kosa. Mwaka uliotangulia Riziki alisimama mbele ya watoto wa shule nyingine, akatetemeka hadi chaki ikamvunjikia mkononi, na somo likaisha muda mrefu kabla ya kengele. Watoto na wakubwa wakabaki wakiangaliana. Alianguka mtihani, na ikabidi arudie mwaka mzima.

Mama hakuwa mkali, alikuwa amechoka kungoja. Alimwambia jambo hilo akiwa anachambua maharage, bila kuinua macho.

"Kama inakatala tena, unaenda Mahagi kwa tantine yako. Anatafutaka mutu wa kukaa mu duka."

"Haitakatala, mama."

"Mwaka yenye ilipita ulisema vile vile."

Na kweli begi lilikuwa tayari chini ya kitanda, nguo zimekunjwa. Mimi Mahagi ya shangazi niliichukia bila kuiona. Niliwajua watu waliopanda malori kwenda huko, na waliporudi walikuwa wamenenepa na hawakukumbuka majina yetu. Nilianza kulala nimeshika nguo ya Riziki, naye alijifanya haoni.

Kwa bahati, somo lake la mara hii lilipangwa katika shule yetu, katika darasa letu. Mada ilikuwa kuandika namba kubwa. Lakini Riziki aliamua kwamba kabla ya kuandika namba yoyote atawafundisha watoto zilikotoka. Mwalimu wetu wa kila siku, Mwalimu Bahati, mtu mwembamba mwenye kalamu nyingi mfukoni, alimsimamisha kwenye veranda nikiwa nasikia.

"Weye, fuata kitabu. Mambo ya historia haiko mu kitabu."

"Mwaka yenye ilipita nilifuata kitabu, Mwalimu," Riziki akajibu kwa upole. "Hawa batoto banaogopa hesabu sababu banafikiri ni kitu ya bageni. Mutu hawezi kupenda kitu ya kuazima."

Mwalimu Bahati akatikisa kichwa, akasema shauri yake.

Wiki hiyo Riziki alirudi kutoka sokoni na mfupa wa mguu wa ng'ombe. Aliuchemsha, akausugua kwa majivu hadi ukawa mweupe, kisha akakaa nyuma ya jikoni na kisu, akaanza kuuchora mistari midogo midogo, makundi makundi. Alipomaliza aliufunga kwenye kipande cha kitenge, akauficha chini ya kitanda kando ya lile begi, akaniambia nisiguse na nisiseme. Alitaka kutushangaza.

Niligusa, bila shaka. Niliufungua mchana mmoja nikaanza kuhesabu mistari, na mahali fulani nikakuta kundi la mistari mitano. Mama, baba, koko, Riziki, mimi. Nikaufunga haraka nikatoka nje juani. Ninyi mnajua tulilelewa vipi, kila jioni nyimbo na kila Ijumaa mfungo. Mfupa uliochorwa na kufungwa kwenye kitambaa hatukuhitaji kuelezwa ni kitu gani. Sikumwambia mtu, lakini usiku sikuwa tena nashika nguo ya Riziki.

Siku moja kabla ya somo nilirudi kutoka shule nikakuta wamama wa maombi wamejaa uani. Mama alikuwa amefagia chini ya kitanda. Mfupa ulikuwa juu ya mawe matatu, umemwagiwa mafuta ya taa, na Mama Debora, kiongozi wao, alikuwa ameshika kiberiti kwa mkono mmoja na Biblia kwa mkono mwingine. Mama alisimama kando na uso uliokunjamana. Aliniuliza polepole mfupa ni wa nani, nikamwambia ukweli, ni wa Yaya.

"Ni dawa ya kufaulu," akasema mama. "Mutoto yangu ameenda kutafuta dawa juu ya ile somo. Mimi njo nilimusukuma."

Hakuna aliyeshangaa. Kila mwaka wa mitihani mlisikia habari za wanafunzi waliokwenda kwa waganga, kalamu zilizochanjwa, vitambaa vilivyoshonewa kwenye pindo za sketi. Mama Debora akawasha. Waliimba kwa nguvu hadi majirani wakachungulia, na moshi ule, ile harufu, ukajaa nyumba nzima. Nilifurahi ulipoungua. Niliimba kuliko wote.

Riziki aliingia wakati wamama wanajifunga vitenge vyao waondoke. Aliangalia majivu, akaangalia kitambaa chake kwenye kona, akakaa chini pale pale mlangoni.

"Ile ilikuwa ya masomo, mama. Ya kuonyesha batoto. Watu ya zamani balihesabiaka mu mufupa."

Mama alichukua muda kuelewa. Kisha akauliza kwa nini hakusema, na Riziki akasema alitaka iwe vizuri kwanza. Mama Debora akakohoa, akaaga. Mama alitoka na kijiti, akapekua yale majivu ya moto kwa muda mrefu, akarudi na mikono myeusi na vipande ambavyo havikuwa na mstari hata mmoja. Aliviweka mbele ya Riziki, akaenda kuosha mikono, na hakula siku hiyo. Kwenye somo, vifaa vya kufundishia vina alama zake, na mkaguzi alikuwa amekwisha kusoma kwenye karatasi ya maandalizi kwamba atauona mfupa. Begi nalo lilikuwa pale pale chini ya kitanda.

Asubuhi nilitembea na Riziki hadi shuleni. Hakutetemeka. Alikuwa na chaki tu mkononi, akaniambia jambo moja njiani: "Kama nakuuliza, jibu yenye iko mu kichwa yako. Usitafute yenye iko mu kichwa yangu."

Mwalimu Bahati, kwa upande wake, alikuwa ametuandaa kwa namna yake, na ninyi mliosoma shule zetu mnaifahamu. Mkaguzi akija, swali likiulizwa, kila mtoto anyooshe mkono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, na mwalimu atachagua wa kulia. Wageni wataona darasa zima la mabingwa. Tulifanya mazoezi hadi mabega yakauma.

Wakaingia: mkaguzi, mzee mnene mwenye miwani na koti la kijivu, pamoja na mwalimu wa Riziki wa chuo, mwanamke mwenye uso usiocheka. Walikaa nyuma. Riziki alitusalimia, akauliza swali lake la kwanza, na halikuwa lile tulilofanyia mazoezi.

"Namba zilitoka wapi?"

Mikono yote ikapanda. Mikono yote ya kushoto, hata wangu, maana jibu hilo hatukufundishwa; msitu mzima. Mwalimu Bahati kwenye kona alifumba macho. Riziki alituangalia, akajua hakuna hata mmoja anayejua, na akanichagua mimi.

Nilisimama. Nikasema kilichokuwa kichwani mwangu, kwa sauti kubwa ili wakubwa wasikie. "Namba zilikuja na Bazungu. Mbele yao, bakoko betu hawakujua kuhesabu."

Darasa likaitikia ndiyo. Nikaona kalamu ya yule mwanamke inakimbia kwenye karatasi, nikajua nimemmaliza dada yangu kwa mdomo wangu. Lakini Riziki alitabasamu, na hakuwa akijifanya.

"Vizuri. Hii njo jibu nilikuwa natafuta. Sasa tuangalie kama ni kweli. Koko yetu sisi wawili anafungaka mahindi. Anafungaka namna gani?"

"Ine ine," nikasema. "Na mafungu sita njo rundo moja."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Anasahauka?"

Nilitafuta akilini siku moja, hata moja, ambayo rundo la koko lilikuwa na fungu lililopungua, na sikuipata. Riziki akageukia ubao, akachora mistari minne, na tena minne, mpaka mafungu sita, akaandika pembeni ishirini na nne. Akasema kuna watu wa upande wetu wa Kilo ambao tangu zamani walipanga namba zao hivyo, nne, kisha ishirini na nne, na baada ya hapo ishirini na nne ya ishirini na nne. Akaniuliza ni ngapi hiyo. Sikujua, hakuna aliyejua, na hata mkaguzi nilimwona anaandika pembeni ya karatasi akikokotoa.

Kisha akauliza nani mwingine ana koko nyumbani. Wote tulikuwa nao. Msichana mmoja ambaye wazazi wake walitoka Mahagi akasema kwao sita wanaiita tano na moja, kama mkono umejaa na kidole kimoja kimepita kwenye mkono mwingine. Mvulana wa Boga akasimama akasema kwa huzuni kwamba babu yake hahesabu kabisa.

"Kuhesabu ng'ombe, ni mubaya. Anasimama tu pa mulango ya zizi, anaita kila moja na rangi yake. Yenye haiko, anajua."

Darasa likacheka. Riziki hakucheka. Alimwita mbele, akatupanga sisi kuwa ng'ombe, mweusi, mwenye madoa, mwenye pembe iliyovunjika, akamtuma mmoja ajifiche nyuma ya mlango, na mvulana yule akamtaja bila kusita. "Hii njo mwanzo," akasema Riziki. "Mbele ya namba, kulikuwa hii. Kila kitu na jina yake, kila kitu na alama yake."

Na hapo ndipo alipochora mfupa. Aliuchora ubao mzima, mrefu, na mistari yake, tatu kando ya sita, nne kando ya nane. Akatuambia kwamba mahali Semliki inapotoka ziwani, ile ile Semliki inayopita karibu na Boga, watu walichimba wakakuta mfupa kama huo, wa zamani sana, kabla ya kitabu chochote kuandikwa popote. Wengine wanasema aliyeuchora alikuwa anahesabu siku za mwezi, wengine wanasema alikuwa anajua kuzidisha mara mbili, na wengine wanasema ilikuwa mistari ya kushikia tu isiteleze. Mvulana wa Boga alikuwa amesahau kurudi kukaa. Akauliza mfupa huo uko wapi sasa, na Riziki akasema uko Ulaya, ndani ya kabati la kioo.

"Basi Bazungu njo balichukua namba kwetu," akasema yule mvulana, na darasa zima likapiga meza.

"Hapana," Riziki akasema, akangoja tunyamaze. "Kila fasi, kila mahali, watu balihesabu. Hata bao Bazungu. Mukisema quatre-vingts, themanini, munasema nini? Ine ya ishirini. Juu ya nini ni ishirini, haiko kumi?"

Mikono ya kushoto ikapanda. Taratibu, mmoja wa kulia ukaonekana katikati, wa yule msichana wa Mahagi. Alikuwa anaangalia chini ya dawati, kwenye viatu vyake.

"Vidole vya mikono," akasema, "na vya miguu."

Siwezi kuwaeleza kelele iliyofuata. Wazungu nao walikuwa wamevua viatu ili wahesabu. Tulivua vyetu. Mtoto mmoja akapanda juu ya benchi ili vidole vyake vionekane, na Riziki akamwacha asimame huku anaandika ubaoni nne, tano, kumi, ishirini, kila moja na kwao. Kisha akageuka na swali ambalo lilimtoka tu, ilionekana lilimtoka. Kama mkono una vidole vitano, watu wa koko waliamua nne kwa nini?

Kushoto, kushoto, kushoto. Na nyuma kabisa, juu ya vichwa vyetu, mkono wa koti la kijivu ukapanda pole pole. Ulikuwa wa kushoto. Mwalimu Bahati alitoa kitambaa akajifuta shingo, maana mkaguzi naye aliwahi kuwa mwalimu wa darasa, na mbinu ile aliijua. Riziki aliutazama mkono ule, akaelewa, na akafanya jambo ambalo sijawahi kumwona mwalimu mwingine akilifanya. Alinyoosha wake wa kushoto.

"Hata mimi sijui," akasema. "Mukikomaa, mutatafuta."

Kengele ikalia tukiwa bado tumenyoosha mikono, na hakuna aliyetoka.

Tulipotolewa nje, wakubwa walibaki ndani kumhukumu, sisi tukajibanza chini ya dirisha. Yule mwanamke wa chuo alianza na makosa. Kelele zilikuwa nyingi. Namba kubwa hazikuandikwa za kutosha. Vifaa vya kufundishia, sifuri.

"Uliandika mufupa. Iko wapi?"

"Mama yangu aliichoma, madame. Alifikiri ni dawa ya uchawi."

Kisha tukasikia sauti ya kiti, na mkaguzi akicheka hadi akakohoa.

"Hata mama yangu angelichoma," akasema. "Madame, mimi nakaaka nyuma ya makalasi, nahesabu mabati ya paa hadi somo inaisha. Leo nilisahau mabati." Akataja alama aliyompa, quatre-vingts, na sisi chini ya dirisha tukapiga kelele, ishirini mara nne, ishirini mara nne, hadi Mwalimu Bahati akatoka kutufukuza huku meno yake yote yako nje.

Riziki alitoka hadi langoni. Mama alikuwa pale, amesimama juani tangu asubuhi, na hakuthubutu kuuliza. Mimi ndiye niliyekimbia nikamwambia. Alinitazama, akamtazama Riziki, kisha akatoa chini ya kitenge chake kopo jipya la poda, ile tunayommwagia kwetu aliyefaulu. Alikuwa amekuja nalo kabla ya kujua chochote. Akalimimina lote juu ya kichwa cha dada yangu, nywele, shingo, mabega, hadi Riziki akawa mweupe na kupiga chafya, huku machozi yakichora njia usoni.

"Mama, poda ni ya diploma," Mwalimu Bahati akasema kutoka nyuma yetu. "Ile bado."

"Ya diploma nitamwaga ingine," mama akajibu.

Tulirudi nyumbani katikati ya barabara, darasa zima nyuma yetu bila viatu, pikipiki zikipiga honi na watu wakitoka milangoni kuuliza ni nani aliyefaulu. Tulipoingia uani mama alikwenda moja kwa moja chini ya kitanda, akalivuta lile begi, akamwaga nguo zote juu ya godoro letu. Kisha akachukua simu na kupiga Mahagi.

"Tafuta mutu mwingine wa duka," akamwambia shangazi. "Huyu hapa ni mwalimu."

Akakata bila kuaga, jambo ambalo mama hakuwahi kumfanyia mtu yeyote.